Karatasi ya Baba

Chumba changu cha Kisauni kina ukuta mwembamba. Siku ambazo baba alileta maembe Kongowea na kulala kwangu, ploti nzima ilikuwa inajua. Asubuhi moja mama wa chumba cha pili alinikuta bombani akaniuliza, uso mkavu kabisa, "Lile jenereta limerudi?"

Nilicheka. Kukoroma kwa baba nimekuzoea tangu utotoni Garsen, kama nilivyozoea kelele za vyura mto ukijaa. Lakini nyumbani kulikuwa na vyumba na milango. Kisauni tulilala hatua mbili kutoka kwa mwenzake, yeye kitandani, mimi kwenye godoro sakafuni, na hapo ndipo nilipokisikia kile kimya. Mkoromo ulipanda, ukapanda, halafu ukakatika ghafla kama mtu amezima swichi. Nikiwasha tochi ya simu naona kifua kinahangaika kwenda juu na chini, lakini hewa haiingii. Nikaanza kuhesabu. Kumi. Ishirini. Ishirini na saba. Kisha baba akashtuka, akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini, akageuka upande, akaendelea. Baada ya dakika moja, kimya tena.

Baba ni dereva wa lori. Anapakia maembe na ndizi kwenye vijiji vya karibu na Garsen, anaondoka jioni, anapita Minjila, Gongoni, Malindi na Kilifi ili alfajiri awe Kongowea kabla bei haijaanguka. Ni zaidi ya kilomita 200, usiku, yeye na taniboi ambaye nusu ya kazi yake ni kumpigisha stori asisinzie. Lori hilo ndilo lililonilipia karo mpaka nikamaliza chuo. Kwa hivyo kila nilipohesabu ile kimya nilikuwa nahesabu na barabara.

Nyumbani kila mtu alikuwa na maelezo yake. Bibi, Mungu amrehemu, alisema ni jinamizi linamkalia kifuani, alale na kisu chini ya mto. Mama alisema ni uchovu. Baba mwenyewe alisema hakuna kitu. "Mimi nalala vizuri. Nani kakwambia silali? Nikiweka kichwa tu, nimeondoka." Na kweli. Akiweka kichwa ameondoka, hata kanisani mahubiri yakiwa katikati, hata mezani kijiko kikiwa mkononi.

Sisi Wapokomo tuna jambo moja la kujivunia kuhusu usingizi. Wimbo wa taifa wa Kenya, ulioandaliwa mwaka 1963 kuelekea uhuru, sauti yake imetokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Baba akiusikia unapigwa kabla ya mechi hutabasamu. "Huo ndio waliotulazia sisi." Taifa zima linasimama wima kwa wimbo wa kumlaza mtoto wa Tana, na mtoto mwenyewe wa Tana, wakati huo ana miaka 54, hajalala usingizi wa maana kwa muda mrefu.

Mwaka 2021 nilipata kazi ya kudumu, nikamlipia kipimo. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kuhusu apnia ya usingizi. Ukilala misuli ya koo inalegea. Kwa watu wengine inalegea kupita kiasi, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inajiziba. Oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unapiga kengele, unaamka kidogo bila wewe kujua, unavuta pumzi, unalala tena. Asubuhi hukumbuki chochote. Unajua tu kwamba kichwa kinauma, umeamka kukojoa mara nne, na mchana macho hayakai wazi.

Kliniki moja mjini ilitupa kifaa cha kwenda nacho nyumbani. Mkanda wa kufunga kifuani, mpira mwembamba wa kuweka puani, na kidude cha kubana kidole kinachosoma oksijeni. Nilimfunga baba mwenyewe, tukicheka, akasema anafanana na mtu wa kupelekwa mwezini. Nikazima taa.

Hakulala. Lilikuwa joto la Machi, mkanda unamwasha, mpira unamkera pua, na anaogopa kugeuka asije akaharibu kitu cha watu. Saa sita yuko macho. Saa nane ametoka kwenda choo, kifaa kikining'inia. Saa tisa hivi nikasikia amepitiwa, kwa ubavu, uso ukutani. Saa kumi na moja adhana ya alfajiri ikamwamsha. Nikarudisha kifaa kliniki kabla ya kwenda kazini.

Majibu yalikuja baada ya siku tatu, karatasi mbili. Muda uliorekodiwa: saa 7. Matukio: 28. Wastani: 4 kwa saa. Tukio moja ni pumzi kukatika kwa sekunde 10 au zaidi, au hewa kupungua sana hadi oksijeni ishuke. Chini ya 5 kwa saa huhesabiwa kawaida. Kuanzia 5 hadi 15 ni kidogo, 15 hadi 30 ni wastani, na kutoka 30 kwenda juu ni kali. Baba alikuwa na 4. Aliyetupa majibu alisema mzee hana shida, apunguze chumvi na uzito, basi.

Baba aliikunja karatasi ile mara nne akaiweka kwenye pochi pamoja na leseni. Tangu siku hiyo haikuwa tena majibu ya kipimo, ilikuwa cheti. Mama akimsukuma usiku alale ubavu, asubuhi anatolewa karatasi. Mimi nikisema baba, usiku umenyamaza sekunde thelathini, anatolewa karatasi. "Wewe na mashine nani asema kweli? Mashine haina chuki na mimi."

Nami, kusema kweli, nilishukuru. Nilikuwa nimelipa pesa nyingi kusikia neno "hana shida", na nilipolisikia nililishika kwa mikono miwili. Nilikuwepo chumbani usiku ule. Nilijua saa alizokaa macho. Sikufikiria hata siku moja kuzitoa kwenye hesabu.

Machi 2023, saa nane usiku, kilomita chache baada ya Gongoni, lori liliiacha barabara. Halikupinduka. Lilitoka taratibu, kama linakwenda kuegesha, likazama mchangani hadi ekseli. Makreti machache yalimwagika. Baba alitwambia ni taa za gari lililokuwa likija, zilimpofusha. Wiki moja baadaye taniboi alinipigia. Kijana mdogo, anamwita baba mjomba ingawa si ndugu. Aliongea kwa sauti ya chini kama mtu anayeshtaki. "Bro, hakukuwa na gari. Mjomba alikuwa amelala. Macho wazi, lakini amelala. Nimepiga kelele ndio akashtuka." Akanyamaza kidogo. "Mimi naacha hii kazi. Usimwambie nimekwambia."

Upande wa pili wa ile barabara, usiku huo huo, kulikuwa na mabasi ya Lamu na Garissa yamejaa watu. Mimi mwenyewe hupanda basi hilo Krismasi.

Aliyetufungua macho alikuwa afisa wa kliniki pale Garsen, dada mdogo pengine rika langu. Baba alikuwa ameenda kuchukua dawa za presha. Anameza aina tatu na presha bado inagoma kushuka. Dada akamuuliza anakoroma. Mama akajibu kabla yake. Baba akatoa karatasi.

Madaktari wengi wangesoma ule mstari wa mwisho. Yeye alifungua ukurasa wa pili, akauliza, "Usiku huu mzee ulilala saa ngapi?"

Baba alicheka. "Usiku huo sikulala, daktari. Nilifungwa kamba kama mbuzi."

Alichukua kalamu akatuandikia nyuma ya ile ile karatasi. Kifaa cha nyumbani cha aina ile hakijui kama umelala. Kinahesabu muda wote kilipowashwa. Matukio 28 ukigawa kwa saa 7 unapata 4. Lakini kama umelala saa 2 tu, 28 kwa 2 ni 14. Na hizo saa 2 umelala ubavu, ambako koo haliporomoki kama unapolala chali. "Hii karatasi haisemi uwongo," alisema. "Inasema usiku mmoja. Na usiku wenyewe hukulala." Kisha akasema maneno ambayo nimewarudia watu wengi tangu hapo: karatasi na mtu wakibishana, rudia kipimo.

Baadaye nilisoma kwamba hilo halikuwa wazo lake tu. Mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Marekani wa mwaka 2017 unasema hivyo hivyo: kipimo cha nyumbani kikitoka safi, au kikivurugika, na bado dalili zipo, mgonjwa apelekwe kupimwa usiku mzima chini ya uangalizi. Majibu safi ya kifaa cha nyumbani yanaweza kukosea, na hukosea zaidi upande wa kusema huna.

Nilimpeleka Nairobi. Safari hii alilala hospitalini, nyaya zimebandikwa kichwani, kidevuni, kifuani na miguuni, na mtu chumba cha pili anatazama skrini. Nyaya za kichwani ndizo zinazojua kama ubongo umelala, kwa hivyo saa za kukodoa macho hazihesabiwi. Baba alilalamika vile vile, lakini kulikuwa na baridi ya Nairobi na kitanda kizuri, na uchovu wa miaka. Alilala.

41 kwa saa. Pumzi ndefu iliyokatika, karibu dakika nzima. Oksijeni ilishuka hadi 71, wakati mimi na wewe tukiwa macho tuko 95 na kuendelea. Daktari aliyasoma polepole, kisha akasema mzee asishike usukani mpaka atibiwe na usingizi wa mchana uishe.

Baba hakusema kitu. Nje, kwenye ngazi, aliitoa ile karatasi ya zamani kwenye pochi, akaitazama, akairudisha. "Miaka miwili," alisema. Tulisubiri gari kwa muda mrefu bila kuongea. Nilijua anahesabu safari. Mimi pia.

Mashine tuliinunua kwa mchango wa ukoo, kwenye kundi la WhatsApp, shilingi mia tano mia tano, na shangazi mmoja wa Oman akamalizia. Inaitwa CPAP. Aliyeibuni ni daktari wa Australia, Colin Sullivan, aliyeitangaza mwaka 1981. Inasukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Hakuna dawa, ni upepo tu. Baba anaiita mashine ya upepo. Wiki ya kwanza aliitupa chini mara mbili. Wiki ya tatu mama alinipigia asubuhi na mapema, nikadhani kuna msiba. "Ameamka anaimba," alisema. Lori lilikaa miezi miwili chini ya mwembe, tukaishi kwa mshahara wangu, kisha akarudi barabarani.

Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zikaja na Tana ukapanda. Maji yalipoingia uani baba alitoa vitu viwili kwanza: bibilia ya bibi na mashine, kichwani, imefungwa kwa nailoni. Televisheni ilibaki. Lakini kambini hakukuwa na stima, na mashine bila stima ni sanduku. Usiku kumi na mbili mama alikaa macho, akimgusa bega kila kimya kikizidi. Hapo nilielewa kwamba kwa miaka yote yeye ndiye aliyekuwa mashine.

Mwaka uliofuata alianza kusinzia tena. Mimi, mtu niliyeumwa na nyoka, nikiona ung'ongo nashtuka. Nikaanza kutafuta pesa za kurudia kipimo mara moja. Daktari akanituliza. Mashine yenyewe ina kadi ndani, inaandika kila usiku: umeivaa saa ngapi, hewa ngapi imevuja, matukio mangapi yamebaki. Tukampelekea kadi. Mpira wa barakoa ulikuwa umepasuka, hewa inavujia machoni, na baba alikuwa akiivua saa saba usiku bila kumwambia mtu. Barakoa mpya ilimaliza mambo. Hakukuwa na haja ya kipimo.

Nimetaja hilo kwa sababu marafiki huniuliza, baada ya kusikia hadithi ya baba, kama basi wazazi wao warudie kila mwaka. Hapana. Mtu anayetumia mashine vizuri, halali mchana, na kadi yake inaonyesha matukio machache, hana sababu ya kurudi kubandikwa nyaya. Kwanza kagua barakoa, saa za kuivaa na kadi. Rudia kipimo kama dalili zimerudi na hivyo vyote viko sawa. Rudia kama cha kwanza kilitoka safi lakini anayelala kando yake anasikia kitu kingine. Rudia baada ya upasuaji wa koo, au akipewa kile kifaa cha mdomoni, ujue kama kimesaidia. Mpelekee daktari swali hilo pia akipata kiharusi au moyo ukianza kushindwa. Na uzito ukibadilika sana, kwenda juu au chini.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotuleta kwenye ugomvi wa mwaka jana. Baba aligunduliwa sukari, akaogopa kweli kweli, akaacha soda na mikate ya barabarani. Kutoka kilo 108 akafika 94. Suruali zinamvaa kama magunia. Akaniambia kwa simu, "Sasa hii mashine nampa nani? Mimi nimepona."

Kuna utafiti wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, uliowafuata watu kwa miaka. Aliyeongeza uzito kwa asilimia 10, matukio yake yalitarajiwa kupanda kwa asilimia 32 hivi. Aliyepunguza asilimia 10, yalitarajiwa kushuka kwa asilimia 26 hivi. Nikapiga hesabu kwenye simu. 41 ukitoa asilimia 26 ni kama 30. Nikamwambia baba, kupungua ni kupungua, kupona ni jambo jingine.

"Wewe huniamini," alisema.

"Nakuamini baba. Ila mara ya mwisho tulipoamini kitu tunachotaka kusikia, lori liliishia mchangani."

Kimya kirefu. Sikuwahi kumwambia kwamba najua. Taniboi aliniomba, na miaka yote niliitunza siri hiyo, na sasa ilikuwa imetoka mdomoni kama pumzi. Nilisikia anakohoa. Kisha akasema, "Nilijua yule kijana atakwambia." Na baada ya muda, "Weka tarehe."

Alipimwa tena, hospitali ile ile, usiku mzima, bila mashine. Asubuhi kabla ya kumbandua nyaya aliuliza amepata ngapi, kama mwanafunzi. 19. Chini ya nusu ya ilivyokuwa, na bado wastani. Daktari alimpongeza kwa kilo zile kwa moyo wote, akapunguza nguvu ya upepo, na kumwambia mashine inabaki. Karatasi hiyo mpya baba hakuiweka kwenye pochi. Alimpa mama.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani. Nililala sebuleni kwenye mkeka, mlango wa chumba chao wazi kwa sababu ya joto. Nilisikia mashine inavuma taratibu, na nje, mbali, lori la mtu mwingine linabadilisha gia kuelekea Minjila. Saa nane stima ikapotea. Feni ikasimama. Mashine ikasimama. Nikasikia barakoa inavuliwa, kitanda kinalia, baba anageukia ubavu. Mkoromo ukaanza, mwepesi. Ukapanda kidogo. Ukakatika.

Nikaanza kuhesabu. Upande wa pili wa mlango nikasikia mama naye ananong'ona, saba, nane, tisa.